Lugha moja, lugha ya mkoloni au lugha nyingi: ipi inaunganisha watu na ipi inazalisha matabaka?

Huu mjadala kila ukianza unaishia kwenye kelele. Mmoja atasema bila lugha moja hakuna taifa, mwingine atasema lugha moja ni kuziua za wenzako, wa tatu atasema jamani tuachane na hayo tushike Kiingereza au Kifaransa maana ndo chenye kazi, na kwa kweli wote watatu wana hoja. Naandika kwa yule aliyekwama katikati. Labda unaandaa mdahalo, labda uko kwenye kamati inayotaka kubadilisha lugha ya kufundishia, labda chama chenu kina watu wa lugha nne na mnaandika katiba yenu, au ni mzazi tu unajiuliza mtoto umuongeleshe lugha gani.

Kuna swali moja naona tunaliruka kila siku. Tunauliza lugha ipi ni bora, hatuulizi mzigo wa kujifunza anaubeba nani. Kwenye kila nchi yenye lugha zaidi ya moja kuna mtu anaamka asubuhi, anaongea vilevile alivyoongea na mama yake, na kwa lugha hiyohiyo anapata kazi, hukumu, dawa na cheti. Na kuna mwingine mwenye akili zilezile ambaye lazima kwanza ajifunze lugha ya pili, pengine ya tatu, ndo afike pale mwenzake alipozaliwa. Ukimjua huyo wa pili ni nani na yuko wapi, umeshajua nchi itapasukia wapi na masikini wake ni akina nani. Kwa hiyo nitakuwa narudi kwake kila mara.

Vigezo nitakavyotumia

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo yaleyale. Umoja, yaani je, kuna kundi lililojiona limeshindwa siku lugha ilipochaguliwa. Tabaka, yaani lugha hiyo inapatikana wapi, mtaani kwa kila mtu au shuleni kwa wenye ada. Shule na ofisi, yaani mtoto anaelewa anachofundishwa na mwananchi anaelewa anachosaini. Gharama. Alafu lugha ndogo zinabakiwa na kazi gani. Mwisho wa kila njia nitasema inamfaa nani.

NJIA YA KWANZA: lugha moja ya wenyeji inakuwa ya taifa

Umoja. Hii njia ina mifano mizuri kuliko yote na mibaya kuliko yote, so usimwamini mtu anayekupa upande mmoja tu. Chukua Indonesia, nchi ya visiwa yenye lugha zaidi ya 700. Tarehe 28 Oktoba 1928, bado wako chini ya Waholanzi, vijana kutoka visiwa mbalimbali walikula kiapo cha nchi moja, taifa moja na lugha moja ya umoja, wakaiita bahasa Indonesia. Cha kuangalia ni kwamba hawakuchagua Kijava, na Wajava ndo walikuwa kundi kubwa kuliko yote. Walichukua Kimalei, lugha ya bandarini na sokoni, ambayo waliozaliwa nayo walikuwa wachache. Kijava kina ngazi, kuna maneno ya kumwambia wa rika lako au mdogo wako na kuna maneno mengine kabisa ya kumwambia mkubwa, hata kitendo cha kula tu kina neno tofauti kulingana na heshima ya anayekula, yaani huwezi kufungua mdomo bila kwanza kuonyesha nani yuko juu ya nani. Kimalei cha sokoni hakikuwa na mzigo wa ngazi hizo. Kwa watu waliotaka taifa la walio sawa hiyo ilikuwa faida kubwa, na mimi kila nikifikiria huu mfano naona wale vijana walikuwa wameona mbali sana.

Tanzania ilipita njia inayofanana. Lugha zaidi ya 120, hakuna kabila lenye nusu ya watu, na Kiswahili kilishatembea na misafara ya biashara kutoka pwani hadi bara kabla hata siasa hazijakigusa. Chama cha TANU kikaenda nacho kwenye mikutano ya kudai uhuru. Nyerere mwenyewe alikuwa Mzanaki, kabila dogo, lugha yake ya kuzaliwa si Kiswahili, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema huyu bwana anatusukumia lugha ya kwao. Kuanzia 1967 Kiswahili kikawa ndo lugha ya kufundishia shule za msingi.

Sasa geuza upande wa pili. Sri Lanka mwaka 1956 ilipitisha sheria ya kufanya Kisinhala peke yake kuwa lugha rasmi. Kisinhala ni lugha ya wengi pale, so kwa hesabu za kura ilionekana sawa tu. Lakini Watamil, ambao walikuwa na nafasi nyingi kwenye kazi za serikali, wakajikuta wanaambiwa wajue Kisinhala la sivyo vyeo basi. Vita ilianza 1983 ikaisha 2009, na Kitamil kilikuja kupewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 1987 wakati watu walishakufa wengi. Sisemi lugha peke yake ndo ilileta vita, ardhi ilikuwemo, nafasi za vyuo vikuu zilikuwemo, siasa za uchaguzi zilikuwemo, ila sheria ile iliwaambia watu wa kundi moja kwa maandishi kwamba nchi hii si yenu sana.

Na Pakistan. Machi 1948 Jinnah, kiongozi mwasisi wa nchi hiyo, alienda Dhaka, upande wa mashariki wa nchi, akatangaza kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu na si nyingine, kwenye nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa wanaongea Kibengali. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi waliandamana Dhaka, polisi wakafyatua risasi, vijana wakafa. Mwaka 1971 upande ule wa mashariki ukajitenga ukawa Bangladesh. Ndo maana kila 21 Februari dunia inaadhimisha siku ya lugha mama, UNESCO iliitangaza 1999, na watu wengi wanaposti bila kujua kwamba ni siku ya msiba.

Ukiziweka nchi hizo nne pamoja unaona tofauti. Indonesia na Tanzania zilichagua lugha ambayo karibu kila mtu alipaswa kujifunza, mkubwa na mdogo wote walitoka nyumbani wakakutana njiani. Sri Lanka na Pakistan zilichagua lugha ambayo wengine waliikuta tayari mdomoni na wengine wakaambiwa mkaitafute.

Alafu niongeze hili kwa uzito wake, lugha moja haizuii watu kuuana. Somalia karibu wote wanaongea Kisomali na dola ilianguka 1991. Rwanda 1994 aliyeua na aliyeuawa walikuwa wanaongea Kinyarwanda kilekile, wengine walikuwa majirani waliosalimiana asubuhi kwa lugha hiyo. Anayekuambia lugha moja inatosha kujenga umoja muulize kuhusu hilo.

Tabaka. Lugha ya taifa ikishakuwa ya mtaani kweli inashusha ukuta, maana dereva na waziri wanaweza kubishana wakaelewana. Tatizo linaanza pale lugha hiyo inapoishia ngazi za chini. Tanzania msingi ni Kiswahili, alafu sekondari ni Kiingereza. Fikiria mtoto kidato cha kwanza ambaye mwaka jana tu alijua kueleza jinsi moyo unavyosukuma damu, leo mwalimu anauliza swali hilohilo kwa Kiingereza darasa zima linaangalia madawati. Mwalimu anaona kimya kimezidi, analirudia kwa Kiswahili, mikono inaenda juu. Alafu mtihani unakuja kwa Kiingereza. Pembeni kuna mwenzake aliyesomeshwa shule binafsi ya Kiingereza tangu chekechea, yeye hata hakugundua kuna mahali lugha ilibadilika. Ule mpaka wa kidato cha kwanza kwangu mimi ndo mpaka wa tabaka, na haukuwekwa na kabila lolote.

Shule na ofisi. Mtoto anaelewa mapema, hiyo ni faida isiyo na ubishi kwa wale ambao lugha ya taifa wanaisikia nyumbani au mtaani. Ofisini inategemea kama serikali imemaliza kazi. Tanzania ilichukua mpaka 2021 kupitisha sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kabla ya hapo mtu angeweza kutoa ushahidi wake kwa Kiswahili alafu hukumu ya maisha yake ikaandikwa kwa Kiingereza.

Gharama. Istilahi, kamusi, vitabu vya sayansi, walimu wa kufundishwa upya, na hii kazi haiishi. Ndo maana kunakuwa na vyombo kama BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, kilichoundwa 1967. Ukiianza nusu ukaiacha nusu unapata hasara za pande zote.

Lugha ndogo. Hapa ndo njia hii inapouma. Lugha ya taifa inayoongewa sokoni, redioni na kwenye mapenzi inaingia mpaka jikoni, na bila kumpiga mtu yeyote inaimaliza lugha ya bibi ndani ya vizazi viwili vitatu. Na kuna waliopiga kweli. Wales karne ya 19 kuna shule zilimvalisha mtoto kipande cha ubao shingoni akikutwa anaongea Kiwelshi, alikuwa anakivua pale tu akimsikia mwenzake naye akiongea, anampa yeye, na anayekutwa nacho mwisho wa siku anachapwa. Ufaransa watoto wa Brittany walifanyiwa hivyohivyo kwa lugha yao, na wengi wetu Afrika tunajua kifaa cha namna hiyo maana kilifika mpaka shule za wazazi wetu. Mtoto alikuwa anafundishwa kumchongea mwenzake ili yeye apone. Taifa linaloanza hivyo linajenga umoja gani?

Inamfaa nani. Nchi au jumuiya yenye lugha ya kati ambayo tayari watu wanakutana kwayo na ambayo si mali ya kundi linaloogopwa. Haifai kabisa pale ambapo "lugha ya taifa" ni jina lingine la lugha ya wenye nguvu.

NJIA YA PILI: lugha ya mkoloni inabaki kuwa rasmi

Umoja. Watu wanaipuuza hii njia haraka sana na mimi naona si haki. Nigeria ina lugha zaidi ya 500, na tatu kubwa, Kihausa, Kiyoruba na Kiigbo, ukichagua moja umeshawaudhi wa zile mbili na hao mamia wengine. Kiingereza hakina kabila pale. Ni hoja ya kweli kabisa na mwenye kuishi kwenye nchi yenye historia ya vita ya wenyewe kwa wenyewe haipuuzi.

Ila lugha ya mkoloni nayo inaweza kugeuka kabila. Kameruni iliunganisha sehemu iliyotawaliwa na Ufaransa na sehemu iliyotawaliwa na Uingereza mwaka 1961. Mwaka 2016 wanasheria na walimu wa mikoa ya Kiingereza waliandamana wakilalamika wanaletewa majaji na walimu wa Kifaransa wasiojua lugha wala sheria zao, mwaka uliofuata ikawa mapigano ya silaha. Lugha zote mbili zilikuja kwa meli, babu zao hawakuzizungumza, na bado watu wamekufa kwa ajili yake hizo lugha. Zilikuwa zimeshakuwa mlango wa ajira na wa haki, na mtu hupigania mlango unaomlisha.

Tabaka. Hapa ndo nataka nikae kidogo. Haiti karibu kila mtu anaongea Krioli, Kifaransa wanakimudu wachache. Nchi ilijikomboa 1804, watumwa walimshinda Ufaransa vitani, jambo ambalo halikuwahi kutokea popote, lakini Kifaransa ndo kikabaki lugha ya sheria, shule na mahakama, na ni katiba ya 1987 iliyokipa Krioli hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kifaransa na kusema wazi kwamba Krioli ndo lugha inayowaunganisha Wahaiti wote. Kwa hiyo huko hakuna shida ya makabila kutoelewana, wanaelewana wote, na bado lugha imegawa nchi kwa mlalo, wa juu na wa chini. Senegal nayo Kiwolofu unakisikia kila mahali na Kifaransa ndo kiko kwenye karatasi.

Hii njia inatoa umoja wa makabila kwa kulipia kwa tabaka, ndo dili lenyewe. Wasomi wa kila kabila wanaelewana vizuri sana wao kwa wao, wanaoana, wanasomesha watoto shule moja, na kila mmoja yuko mbali na binamu zake wa kijijini kuliko alivyo mbali na msomi wa kabila lingine. Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Kifaransa, aliizungumzia lugha kama mtaji, kwamba namna ya kuongea inarithishwa na inazaa kama pesa inavyozaa. Na mtaji huu una ubaya mmoja, kwa macho ya watu unaonekana ni akili. Anayeongea lugha ya kigeni kwa ufasaha anasikilizwa hata akisema pumba, na fundi aliyejenga nyumba thelathini akiingia kwenye kikao akakwama kwenye sentensi, watu wanaangalia chini kwa kumuonea huruma, na yeye hatarudi tena kwenye kikao kile.

Shule na ofisi. Nimewahi kusimama nyuma ya mama mmoja kwenye dirisha la hospitali, mtoto anatakiwa kufanyiwa upasuaji, kapewa fomu ya kuridhia. Fomu yote lugha ya kigeni. Akaigeuza mbele nyuma, akauliza "nisaini wapi?", akaonyeshwa kwa kidole, akasaini. Hakuuliza imeandikwa nini na hakuna aliyemwambia. Mpaka leo ile picha hainitoki, maana ile karatasi ilikuwa inasema kwamba ameelezwa na ameelewa. Upande wa shule, wataalamu wa UNESCO walishasema tangu 1953 kwamba mtoto anaanza kusoma vizuri zaidi kwa lugha anayoijua, na bado mamilioni wanaanza darasa la kwanza kwa lugha ambayo hakuna anayewaongelesha nyumbani, wanakariri kama wimbo.

Gharama. Mwanzoni ndo rahisi kuliko zote, vitabu vipo, sheria zipo, dunia inakuelewa. Gharama yake imejificha kwa watoto wanaorudia darasa na wanaoacha shule, na hiyo haiandikwi kwenye bajeti ya lugha.

Lugha ndogo. Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni kwamba mara nyingi hapa zinaishi vizuri kuliko kwenye njia ya kwanza, maana mtu haachi lugha ya nyumbani kwa ajili ya lugha ambayo sokoni haiongewi. Zinaishi ila hazina kazi ya heshima. Na watu wakikosa daraja wanajijengea lao, ndo unapata Pijini ya Nigeria ambayo dereva na mwanafunzi wa chuo wanaelewana kwayo, ndo unapata Sheng ya Nairobi iliyozaliwa mitaa ya Eastlands kwa vijana wa makabila tofauti. Halikuwa agizo la serikali yoyote.

Inamfaa nani. Nchi au taasisi ambapo kuchagua lugha ya mwenyeji mmoja leo kutaleta damu, au kazi yenyewe ni ya kimataifa. Masharti yake ni mawili, lugha hiyo ifundishwe vizuri kwa wote kama somo, na huduma za msingi, hospitali, mahakama, msaada wa dharura, zitolewe kwa lugha ya anayehudumiwa. Bila masharti hayo umechagua matabaka.

NJIA YA TATU: lugha nyingi zote zinakuwa rasmi

Umoja. Watu wakitaja njia hii wanakimbilia Uswisi, lugha nne za taifa, hawapigani. Ni kweli, ila uliza kwa nini. Uswisi waongea Kijerumani wako wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti, wako wa mjini na wa milimani, na mambo mengi yanaamuliwa kwenye kantoni, yaani majimbo yake, so mpaka wa lugha haulali juu ya mpaka wa dini wala wa umasikini. Leo unashindwa kura pamoja na wenye lugha yako, kesho unashinda pamoja na wa lugha nyingine.

Ubelgiji mipaka ililaliana. Muda mrefu Kifaransa kilikuwa lugha ya wenye viwanda, majaji na maofisa hata upande wa kaskazini wanakoongea Kiholanzi, alafu baadaye uchumi ukageuka kaskazini ikawa tajiri, na kinyongo hakikuisha. Ugomvi wa 1968 ulifanya chuo kikuu cha Leuven, cha tangu karne ya 15, kigawanywe, sehemu ya Kifaransa ikajengewa mji mpya, na maktaba ikagawanywa kwa namba za vitabu, witiri kwa mmoja na shufwa kwa mwenzake. Hebu ifikirie hiyo, kazi moja ya juzuu kadhaa inatenganishwa kwa sababu waliokuwa wanaisoma hawawezi kukaa pamoja. Baada ya uchaguzi wa 2010 nchi hiyo ilikaa siku 541 bila serikali kamili. Lakini pia tuwe wakweli, hawakuchinjana.

India inanipa moyo zaidi. Katiba ilisema Kiingereza kitabaki kwa miaka 15 alafu Kihindi kishike, muda ulipofika 1965 Madras, jimbo la Watamil kusini mwa nchi, ikawaka, watu wakafa, serikali ikarudi nyuma na Kiingereza kikabaki. Kabla ya hapo, mwaka 1956, walichora upya majimbo kwa kufuata lugha, na waliokuwa wanaogopa walisema sasa nchi ndo inavunjika. Haikuvunjika. Leo jedwali la nane la katiba yake lina lugha 22. Mtu akishahakikishiwa lugha yake haitafutwa anapunguza hasira, hilo nimelisoma kwenye historia za nchi nyingi mno kulipuuza.

Tabaka. Inategemea kama usawa umefika kwenye mshahara. Kanada miaka ya 1960 tume ya serikali ilikuta wanaume wenye asili ya Kifaransa Québec wanalipwa chini ya karibu makundi yote, kwenye jimbo ambalo wao ndo wengi, maana mabosi walikuwa wa Kiingereza. Sheria ya 1977 ikafanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi na biashara, na hali ya vipato ikabadilika. Kura ya kujitenga 1995 ilishindwa kwa asilimia 50.58 dhidi ya 49.42, so usidhani kila kitu kilipona.

Afrika Kusini ni fundisho la aina nyingine. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto walitoka kupinga kulazimishwa kusoma masomo kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu, wakapigwa risasi. Katiba ya 1996 ikaweka lugha rasmi 11, na 2023 ikaongezwa lugha ya alama ya nchi hiyo. Ni heshima kubwa kwa lugha zilizodharauliwa na naiheshimu. Ila kwenye vyuo vikuu na maofisi makubwa Kiingereza ndo kinatawala, na mzazi mwenye hela analijua hilo, so mlango uleule wa njia ya pili umeingia humu kwa nyuma.

Shule na ofisi. Kwa mwananchi wa kawaida hii ndo njia yenye utu kuliko zote ikitekelezwa. Isipotekelezwa ni ubao tu kwenye jengo.

Gharama. Kubwa, sitaki kuzunguka. Umoja wa Ulaya unafanya kazi kwa lugha 24 na una jeshi zima la watafsiri na wakalimani.

Lugha ndogo. Zinapata jina, lakini jina halitoshi. Kiromanshi cha Uswisi kilitambuliwa 1938 na leo waongeaji wake wakuu ni kama nusu asilimia tu ya watu.

Inamfaa nani. Nchi zenye makundi makubwa machache kila moja na eneo lake, na taasisi zenye uwezo wa kulipia tafsiri kila mwaka bila kukatiza.

Kuchanganya

Nchi nyingi kiuhalisia zinachanganya. Singapore ina lugha rasmi nne, kazi nyingi zinaenda kwa Kiingereza, na kila mtoto anasoma pia lugha ya jamii yake. Kenya katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza zote rasmi. Kuchanganya ni sawa, ila angalia pale zinapoungana, yaani ni darasa la ngapi, ofisi ipi na cheo gani ndo lugha inabadilika, na anayefika hapo bila maandalizi ni nani.

Sasa wewe uko wapi?

Kama nchi yenu au jumuiya yenu ina lugha ya kukutania ambayo haina mwenyewe anayeogopwa, njia ya kwanza, na muipeleke mpaka juu, mahakamani na chuo kikuu, msiiache mlangoni. Lugha za nyumbani zipewe redio, miaka ya mwanzo ya shule na heshima ya kuandikwa.

Kama kuna makundi mawili au matatu makubwa yanayoviziana, usithubutu kuchagua moja kwa wingi wa kura. Njia ya tatu, hata kama ni ghali. Na kagueni kama mpaka wa lugha umelala juu ya mpaka wa pesa, kama umelala, anzeni na pesa.

Kama ni mamia ya lugha ndogo na hakuna ya kati, njia ya pili kwa kazi za serikali kuu inaweza kuwapa utulivu, mkiwa mmeshakubaliana ni huduma zipi hazitatolewa kwa lugha hiyo peke yake.

Kama wewe ni kamati ya shule, chukua karatasi uandike watoto wangapi wanaisikia lugha ya kufundishia nyumbani kwao. Kama ni wachache, anza na lugha wanayoijua, hiyo nyingine ifundishwe kama somo na mwalimu anayeimudu kweli, na mabadiliko yaje polepole, somo moja baada ya jingine, yasije yote Januari moja.

Kama ni chama au ofisi, angalia nani huwa kimya vikaoni. Jaribu mkutano mmoja kwa lugha yake uone anasema nini.

Na mzazi, mwongeleshe mwanao lugha unayoweza kumbembelezea, kumkanya na kumsimulia bila kutafuta maneno. Lugha ya shule ataikuta shuleni na unaweza kumsaidia kwa vitabu, lakini ile ya bibi yake akiikosa kwako hana pengine pa kuipata, na bibi akija kumtembelea watakaa sebuleni wanatabasamiana tu.